Kucha ya Mama

Mume wangu amemwaga petroli jikoni. Nimemfokea, halafu harufu ikanirudisha utotoni.

Kiwanda cha shaba cha Shituru kilikuwa kimesimama, na baba, dereva wake asiyejua ufundi, alileta nyumbani mashine kuukuu ya kuchongea chuma, akisema itatulisha. Mama alimcheka: "Watoto batakula kutu?"

Baba aliisugua kwa petroli reli yake ndefu, ile ambayo kisu cha kuchongea huteleza juu yake, kisha akanishika mkono, maana vidole vyake vilikuwa na ganzi. "Pitisha kucha polepole, mutoto wangu. Ikiingia mu shimo, mashine imekufa, tutaiuza chakavu."

Iliingia. Nikasema, "Shimo iko, papa." Baba akakaa chini.

Mama akapangusa mikononi unga wa bukari, ugali wetu, akapitisha kucha yake mwenyewe. "Kucha ya mutoto iko laini sana. Hakuna shimo. Maliza kusugua."

Niliiona kucha yake ikizama palepale ilipozama yangu.