Mtandao Haupandi Mlima

Sogea karibu, wewe uliyekula makande kwenye sahani ya bati na kuchunga mbuzi ukitoka shule. Hili litakuchekesha, na mwishoni litakusaidia.

Manyara ilipokuwa bado mkoa mpya, Baba, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alirudi kutoka Arusha na kompyuta iliyotumika. Nyumba yetu ya Dongobesh ilikaa juu ya mteremko. Chini yake palikuwa na duka la Mzee Tluway, lenye intaneti. Wakaelewana. Waya wa buluu ukatoka dukani, ukapita katikati ya maharage yetu hadi sebuleni, ambako kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufumwa kama bibi harusi.

Asubuhi ya matokeo ya kidato cha nne, mtandao ukapotea. Dada Paskalina hakuweza kumeza hata uji. Nje Mama alishamfunga mbuzi: Dada akifaulu, achinjwe. Basi roho mbili zikasubiri kwa hofu, moja ikitafuna kamba.

Baba alizima, akawasha. Akaufuata waya shambani kote, akiupapasa kama anayetafuta kupe. Ulikuwa mzima. Mzee Tluway akapanda kutoka dukani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Kwangu upo."

"Kwangu haupo."

Mzee, aliyechimba mifereji ya maji ujana wake wote, akautazama mteremko. "Uliona wapi kitu kikapanda mlima chenyewe? Mtandao umechokea kwenye maharage."

"Lakini jana ulipanda!" Dada akalia.

"Jana ulikuwa mwingi, binti yangu. Leo nchi nzima inauchota."

Baba akafikiri, akakubali. Hesabu zake zote!

Tukachomoa waya, tukaibeba kompyuta kwa maandamano hadi zizi la ndama, chini kuliko duka. Umeme tukaazima kwa Mzee. Baba akachomeka waya, akasukuma kwa hasira. Tak! Taa ya kijani ikawaka. Jina la Paskalina likatokea: amefaulu. Mama akapiga vigelegele. Mbuzi akaacha kutafuna.

Kompyuta ikaishi na ndama hadi masika. Mtandao ulipopotea tena, tukaichimbia shimo.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Asubuhi ile Mama alifuta vumbi sebuleni ili pafae kwa sherehe, akaulegeza waya nyuma ya kompyuta. Basi.

Vijana wa leo mtandao ukikata huinua simu juu kama wanachuma mapera, kila mmoja peke yake, amenuna. Sisi tulishuka bondeni, ukoo mzima na jirani, tukarudi tumeshiba nyama.

Kwa hiyo ukikosa mtandao wa waya nyumbani, usihame. Chomoa waya nyuma ya kompyuta, urudishe, usukume hadi ulie tak, kisha angalia kama taa ya kijani inawaka.