Mhakiki wa Dakika Kumi

Mwaka 2003 Achola alikuwa njiani kwenda Kajiado kutafuta kazi gari lilipoharibika Kitengela. Akakimbia vumbi, akaingia chumba cha gemu cha Judy pale mtaani Noonkopir. Alicheza gemu moja dakika kumi, akatangaza kwamba gemu ile ni takataka, wateja wakacheka, naye akabaki. Kajiado hakufika.

Tangu hapo kila gemu mpya aliijaribu dakika kumi, kisha akaandika hukumu kwa chaki mlangoni, na watu wakaitii. Nani angebisha? Judy hakuwa na kadi ya kuhifadhi mchezo, hivyo kila mteja alianza upya. Mtaa mzima ulijua mwanzo wa gemu zote na mwisho wa hata moja haukuujua.

Kisha Judy akanunua kadi. Wiki tatu baadaye akafuta maneno haya mlangoni: "Ni kutembea msituni tu. Inaboesha."

"Judy, unafuta kazi yangu?"

"Gemu hiyo nimeimaliza, Achola. Msitu ni mwanzo tu. Ukivuka daraja kuna vita mji mzima. Kwani wewe ulifika wapi?"

"Mhakiki hahitaji kufika."

"Basi vuka daraja tu, na mlango ubaki wako."

Wateja wakasogeza viti. Achola akatumbukia mtoni mara saba. Akavilaumu vifungo, akalaumu televisheni, mwishowe akainuka.

"Huo mto umechorwa vibaya," akasema, akatoka bila kuaga. Kabla hajafika barabarani, Judy alikuwa ameshavuka daraja kwa mkono mmoja, wa pili umeshika chai.