Clavery, Aliyeanguka Bila Kusukumwa

Kazi ya Clavery Ndyamukama ilikuwa kujisifu, na aliifanya kwa bidii kuliko majirani zake wengi walivyolima. Alikuwa na kibanja chake Nshambya, migomba na mibuni kidogo, lakini migomba ile ilipaliliwa na mkewe Adventina. Yeye aliipitia asubuhi akiwa na kanzu safi, akiisalimia shina kwa shina kama mgeni rasmi.

Wahaya wana ekyebugo. Mtu anashika mkuki, anatoka mbele za watu, anayataja matendo yake kwa pumzi moja, maneno yanakimbizana kama mvua juu ya bati, na akimaliza anauchoma mkuki ardhini. Zamani yalisemwa mbele ya Mukama, mtawala mwenyewe akiwa amekaa, na huko ndiko Clavery alikopata jina. Aliwahi kumuua chui aliyekuwa akila mbuzi kule Kamachumu. Chui mwenyewe alikuwa mzee na meno hayakumtosha, na Clavery hakulificha hilo: lilikuwamo ndani ya ekyebugo chake, mstari wa nne, na watu walilicheka kila mara.

Alilisema kwa sababu sheria ya mkuki haina huruma. Unasifu ulichofanya wewe, kwa mkono wako. Msikilizaji yeyote, hata mpika pombe aliyelewa lubisi yake mwenyewe ya ndizi, ana haki ya kuuliza: "Ulikuwapo?" Ukikosa jibu unanyang'anywa mkuki, na tangu siku hiyo ukisimama watu wanakuonyesha migongo. Clavery alikuwa amewaona wazee wawili watatu waliomalizika hivyo. Waliendelea kula, kulima na kwenda misa, lakini walikuwa kama ngoma iliyopasuka, ipo ukutani na haipigwi.

Uhuru ulipokuja kila mtu aliahidiwa kitu, na Clavery alipoteza kazi. Utawala wa machifu ulifutwa, na hapakuwa na wa kumpigia magoti. Akajaribu kanisani. Padre akamwambia kujisifu ni dhambi, kisha Jumapili akahubiri kwa muda mrefu sana juu ya mnara wa kengele alioujenga yeye padre. Akajaribu kwenye mkutano wa chama. Katibu alimsikiliza mpaka kwenye chui, akamkatiza.

"Ndugu Clavery, hapa hatusemi *mimi*. Mimi ni ubepari. Sema *sisi*."

Clavery akaanza upya. "Sisi tuliomuua chui wa Kamachumu—"

Mtu mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani, ndugu katibu. Mimi sikuwapo."

Mkutano uliishia hapo kwa vicheko, na mkuki wa Clavery ukarudi kwenye kona ya nyumba, ambako kuku walijifunza kulala juu yake.

Miaka ikapita. Azimio likatangazwa Arusha, watu wakaanza kuhimizwa kuishi pamoja, na siku moja Omary Zahoro akaja Nshambya kwa baiskeli. Omary aliuza vitambaa mjini Bukoba. Babu yake alitoka pwani, yeye na baba yake walizaliwa hapahapa, na bado watu walimuuliza atarudi kwao lini. Alikuwa pia katibu wa Klabu ya Mkono Mwema, watu wa kujitolea: wafanyabiashara, makarani na walimu, waliokutana kila wiki wakiwa na tai shingoni, wakanywa chai na biskuti, wakahutubiana. Lakini kuna jambo moja walilifanya kweli. Walitoa damu. Hospitali ya mjini ikiishiwa, walikwenda mmoja mmoja wakalala, wakatoa, wakarudi dukani.

Shida ilikuwa kwamba wao walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa wengi, na hakuna aliyewajua. Walisimamisha bango Rwamishenye lenye jina la klabu kwa rangi nyekundu. Haikupita muda likawa mlango wa banda la kuku, na kuku wale, Omary alisema kwa uchungu, ndio viumbe pekee waliolisoma. Kwingine hali ilikuwa mbaya zaidi. Kule Muleba ilisemwa kwamba klabu ni wanyonya damu, kwamba damu inapelekwa Ulaya kutengenezwa vidonge, na kwamba Omary ana gari jekundu la kukamatia watu chini ya kitanda.

"Chini ya kitanda?" Clavery aliuliza.

"Mimi nina baiskeli, mzee wangu. Umeiona." Omary akajifuta jasho. "Jumamosi ya gulio tunakwenda Muleba na gari la hospitali. Tunataka mtu wa kutusifu. Mtu ambaye watu wanamwamini."

Mikono ya Clavery ilikuwa tayari imeanza kuutafuta mkuki.

"Haiwezekani, bwana. Ekyebugo hakisifu wengine. Ni mimi, mimi, mimi, mpaka mwisho."

Omary alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara alipata njia. "Basi tutakufanya mwanachama."

Hivyo ndivyo Clavery alivyoingizwa klabuni, akapigiwa makofi, akala biskuti, na kubandikwa kwenye kanzu beji ya bati yenye kiganja kilichofunguka. Alirudi nyumbani kifua mbele.

"Sasa naweza kusema mimi," alimwambia mkewe. "Klabu ikitoa damu, nimetoa mimi. Mwanachama ni mwanachama."

Adventina alikuwa akimenya ndizi na hakuinua kichwa. "Baba Protase, walipokuja wachanja ndui ulikuwa wapi?"

Siku ile Clavery alikuwa juu ya mtini, mti ambao magome yake hupigwa yakawa nguo, mtu mzima mwenye wajukuu, na alikaa huko mpaka sindano ya mwisho ilipofungwa kwenye sanduku. Chui alimweza. Sindano hakuiweza, na aliyeijua siri hiyo duniani alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na kisu cha kumenyea mkononi.

"Beji si mkono," Adventina alisema, akaendelea na ndizi.

Jumamosi Muleba ilijaa. Ndizi, samaki wakavu wa Bumbire, sufuria, mitumba. Gari la hospitali liliegeshwa kando ya gulio, na chini ya turubai nesi Shamsa alitandaza shuka jeupe juu ya benchi la shule, akapanga chupa zake za kioo, akakaa. Watu walilizunguka turubai kwa mbali, kama wanavyozunguka shimo la nyoka. Omary alishika kipaza sauti cha mkono akatangaza jina la klabu. Kikakoroma. Akatangaza tena. Mtoto mmoja akalia.

Ndipo Clavery akatoka, kanzu imepigwa pasi, beji inang'aa, mkuki begani. Na gulio lilinyamaza, kwa maana miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu atoke vile, na wazee walisikia kitu kikiamka ndani yao. Akaanza kwa Kihaya, na kwa Kihaya kilivuma zaidi:

*Mimi Nisiyezimwa, mtoto wa Nshambya,*
*mimi niliyemngoja chui, naye akachoka kuningoja,*
*mimi nimwagaye damu bila vita,*
*mkuki wa chuma mwembamba uliponiingia mkononi sikupepesa;*
*aliyekuwa anakufa aliinuka akaomba uji,*
*mimi, damu yangu ikitembea ndani yake!*

Akauchoma mkuki ardhini. Vigelegele. Mzee mmoja alivua kofia. Omary alikuwa analia kwa furaha, na tayari alikuwa anafikiria gulio la Kamachumu.

"Ulikuwapo?"

Sauti haikuwa kubwa. Ilitoka nyuma ya mafungu ya ndizi, alikokuwa amekaa Ma Kokushubila, shangazi yake Clavery, dada wa baba yake, mwanamke mfupi aliyewahi kumzuia chifu mzima asipite kwenye kibanja chake bila kusalimia.

"Shikamoo, waitu shangazi," Clavery alisema, akipiga magoti kama ilivyopasa.

"Salamu zako nitazipokea nyumbani. Nimeuliza, ulikuwapo?"

"Mimi ni mwanachama." Akaonyesha beji.

"Hicho kibati? Hata kopo la samaki lina kibati." Watu wakaanza kucheka. "Leta mkono, baba. Leta tuone mkuki mwembamba ulipoingilia."

Clavery alijua kilichokuwa kimefika. Kicheko kile hakikuwa kile cha chui mzee. Mtu mmoja alikuwa tayari amesogea karibu na mkuki uliochomwa ardhini, akinyoosha vidole. Kwenye ukingo wa watu, kina mama wawili waligeuka kutazama upande mwingine, taratibu, mabega kwanza. Angeukosa mkuki huu leo, hapa, mbele ya shangazi yake, na maneno yote aliyowahi kuyasema yangekufa pamoja nao, hata yale ya kweli, hata chui.

"Mzee wangu, si lazima," Omary alinong'ona. "Tuseme unaumwa malaria. Kila mtu ana malaria."

"Nyamaza, bwana," Clavery alisema.

Akamtazama Adventina, aliyekuwa amesimama na kikapu cha senene kichwani. Adventina hakumcheka. Alimwashiria kwa kidevu tu, kuelekea turubai, kama anavyomwambia mtoto aende akanawe.

"Sijatoa," Clavery alisema kwa sauti. "Nimesema kabla ya kufanya. Msiuguse mkuki, nakuja kuuchukua mwenyewe."

Akaenda. Gulio zima likamfuata, wanyonya damu wakasahaulika, maana hakuna Mhaya anayekubali kupitwa na jambo kama hili. Walipanda juu ya matoroli, juu ya magunia, wengine juu ya gari lenyewe la hospitali. Nesi Shamsa alimchoma kidole kwanza kupima.

"Imekwisha?" Clavery aliuliza, akiwa amefumba macho.

"Hata hatujaanza, baba."

"Basi anza, mama. Na usiniambie unapoanza."

Alilala kwenye benchi la shule, miguu ikining'inia, kanzu imekunjwa mpaka begani. Shamsa alimfunga mpira juu ya kiwiko na kumwambia habari za mvua. Clavery alijibu habari za mvua. Chupa ikaanza kujaa, nyekundu ya giza kama buni mbivu, na watu walinyamaza, kwa sababu wengi wao walikuwa hawajawahi kuona damu ya mtu ikitoka bila ugomvi. Ma Kokushubila alijipenyeza mpaka mbele, akainama juu ya chupa, akainusa.

"Ni yake," akatangaza.

Chupa ikajaa. Shamsa akachomoa sindano, akambandika pamba, akamwambia asiinuke kwanza. Lakini Clavery alikuwa na gulio zima mbele yake. Aliinuka. Akanyoosha mkono wenye pamba juu kabisa, akafungua mdomo aseme, na akaenda chini moja kwa moja, kanzu nyeupe juu ya matope na maganda ya ndizi, bila hata kuita mama.

"Wamemmaliza!" mtu akapiga kelele, na nusu ya gulio ikaruka nyuma. Omary akaketi chini kwenye sanduku la barafu, kichwa mikononi. Klabu ya Mkono Mwema ilikuwa imekufa, na yeye alikuwa amekishikia kipaza sauti kifo chake.

Shamsa alimwinua Clavery miguu, akampiga makofi mepesi usoni. Adventina akamnywesha chai ya sukari nyingi. Alipofumbua macho aliona duara la nyuso, na katikati ya nyuso, ya shangazi yake.

"Umeanguka," alisema Ma Kokushubila.

Hapo angeweza kusema ameteleza. Matope yalikuwapo, maganda yalikuwapo, hakuna ambaye angeapa. Omary mwenyewe alishaanza, "Ameteleza, ndugu wananchi, mzee ame—"

Clavery alimsukuma Omary kwa kiwiko cha mkono usiochomwa. Akatembea, akiegemea bega la mkewe, mpaka uliposimama mkuki wake. Akaung'oa.

*Mimi nilijisifu kabla ya kufanya,*
*shangazi akanishika kama mwizi wa maharage;*
*mimi niliyepanda mtini kukimbia sindano ya ndui,*
*leo nimetoa chupa nzima, ile pale, ina povu;*
*mimi niliyeanguka bila kusukumwa,*
*nikainuka, na damu yangu imebaki imesimama!*

Hakuuchoma mkuki kwa nguvu, hakuwa nazo. Aliuegemea. Gulio likapasuka. Walicheka mpaka mafungu ya ndizi yakabomoka. Na hakuna aliyemgeuzia mgongo.

Ma Kokushubila akakunja mkono wa gauni. "Na mimi."

"Bibi, umri wako hauruhusu," Shamsa alisema kwa upole.

"Damu yangu imezeeka? Mbona maneno hayajazeeka?" Lakini alikubali kukaa pembeni na kikombe cha chai, kwa sharti kwamba ahesabiwe kuwa alitaka. Kisha akawageukia wapwa zake wanaume waliokuwa wakijificha nyuma ya toroli. "Mnangoja nini? Mnaogopa mtaanguka kama huyu?"

Hilo ndilo lililowamaliza. Kijana wa kwanza alitoa damu ili aonyeshe kwamba haanguki. Wa pili alitoa kwa sababu wa kwanza hakuanguka. Baadaye watu walipanga foleni, kila mmoja akiwa tayari na mstari wake wa kujisifu, na aliyelala kwenye benchi alishangiliwa kama bwana harusi. Chupa za Shamsa ziliisha kabla ya foleni. Omary alisimama juu ya sanduku la barafu akatangaza jina la klabu kwa kipaza sauti, mara kwa mara, mpaka betri zikafa, na hakuna hata mtu mmoja aliyemsikia.

Jina hilo halikushika kamwe. Gari liliporudi Muleba, na baadaye Kamachumu, watu waliitana: "Twende kwa watu wa Clavery." Omary aliumia, kisha akazoea, na mwishoni alipoulizwa mjini yeye ni nani alijibu mwenyewe, kwa tai yake na yote, kwamba ni mtu wa Clavery. Mzee alikwenda na gari kila mara. Alitoa damu kila aliporuhusiwa, akafumba macho kila mara, na nesi alijifunza kumwekea mkeka chini.

Na kwenye harusi za Nshambya, hata alipozeeka, walimwita atoke na mkuki. Vijana hawakutaka tena chui. Alipofika mstari wa kuanguka alinyoosha mkono juu kabisa, akangoja kidogo, akaanguka kweli, kanzu na mkuki na kila kitu, na wa kwanza kucheka alikuwa Adventina, aliyekuwa tayari ameshika kikombe cha chai.