Usenge kwa Asilimia Nne

Kilichonitoa Kisumu Jumamosi ile ni posa. Marehemu kaka yangu aliacha mtoto mmoja, Otieno, nami nimesimama mahali pa baba yake tangu akiwa darasa la tatu. Sasa Otieno amekuwa mwanamume, amempata Akinyi, binti ya Mzee Okumu wa Usenge, kule ziwani mbele ya Bondo, na ilikuwa zamu yangu kwenda kumwombea. Mzee Okumu anajulikana kwa mambo mawili: hapendi wageni wanaochelewa, na hapendi wageni wanaojisifu. Niliapa kwamba sitachelewa.

Hilo la pili lilikuwa gumu, kwa sababu miezi michache kabla nilikuwa nimenunua gari la umeme mtupu. Ni mtumba wa Japani, dogo, jeupe, halina hata bomba la moshi, na mwanamke aliye ndani ya dashibodi huniamkia kwa Kijapani kila asubuhi. Nilifundisha jiografia miaka mingi, na sikuwahi kusikilizwa darasani kama majirani walivyonisikiliza nikieleza betri. Shemeji yangu Odhiambo, kaka ya mke wangu, ana haibridi ya kuchomeka, yaani gari lenye betri ya kuchaji na tangi la petroli pia. Nilikuwa nimemwambia mbele za watu, mara nyingi kuliko inavyofaa, kwamba hilo ni gari la mtu aliyeshindwa kuamua. Alikuwa akinijibu kwamba na yeye ana kebo ya kuchajia. Ni kweli alikuwa nayo. Ilikaa kwenye buti ndani ya nailoni ya kiwandani, haijaguswa tangu gari lishuke bandarini, kwa kuwa kuchaji kulimchosha na petroli haikumchosha. Hilo halikumzuia kusimama kanisani akashukuru kwa kupewa uwezo wa kutunza hewa.

Saa moja asubuhi, nyumbani kwangu. Betri ilisoma mia kwa mia. Nilisisitiza mizigo yote iingie kwangu: sukari, unga, kreti za soda, na waya wa ekstenshen nilioununua soko la Kibuye kwa tahadhari. Nilitaka ukweni waone umeme ukibeba. Nilipanda na mke wangu na Otieno. Odhiambo alimchukua mjomba wangu, Mzee Opiyo, aliyesema hawezi kusafiri bila kusikia injini. Nikachomoa gari, nikavaa koti, tukapigwa picha, nikatangaza kwamba nitaenda na kurudi bila tone la petroli.

Saa mbili kasoro, Otonglo. Tulisimama kununua mananasi, na waendesha bodaboda wakalizunguka gari.

"Mzee, hii gari inawaka ama imezima?" mmoja akauliza.

"Inawaka."

"Sasa mbona haisemi?"

Swali zuri kama hilo huwezi kuliacha njiani. Niliwaeleza mota, nikawaeleza breki zinazorudisha umeme, nikafungua boneti waone pasipo na kitu cha kuona. Yote hayo kiyoyozi kikinguruma ili koti langu lisilowe.

"Baba Apiyo," mke wangu akasema kutoka ndani, "watu ya Usenge wanangoja."

Kisian tulikata kushoto, tukaiacha barabara ya Busia. Hapo nilimpita Odhiambo kwenye mlima, nikampungia mkono. Nikampita tena baada ya Holo, maana nilikuwa nimepunguza mwendo makusudi anitangulie ili nimpite. Milima ya dunia nzima nimeichora ubaoni, lakini ile midogo ya kati ya Holo na Ndori sikuwa nimeipigia hesabu, wala kreti nne za soda. Ndori betri ilisoma arobaini na tano. Otieno aliitazama dashibodi, akanitazama mimi, kisha akatazama nje. Ni kijana mwenye adabu.

Bondo, saa tatu na robo. Odhiambo aliingia kituo cha mafuta. Nami niliingia kumngoja, asilimia ishirini na nne.

"Mzee, nikuwekee ngapi?" mhudumu akaniuliza.

"Hii haili mafuta."

"Basi ukikwama?"

"Haikwami."

Kulikuwa na kibanda cha kinyozi ubavuni mwa kituo, chenye soketi ukutani. Ningeomba saa moja pale, kinyozi angekubali, na masimulizi haya yangekuwa mafupi. Lakini Odhiambo alishajaza kwa dakika tano, alikuwa ameegemea mlango wake akila ndizi na kunitazama. Nikawasha gari.

Kati ya Bondo na Usenge nilijifunza unyenyekevu kwa awamu. Kwanza nilizima kiyoyozi, halafu redio. Baadaye nikavua koti, ingawa sijui lingesaidia nini. Tulifungua madirisha, na vumbi likaketi kwenye kilemba cha mke wangu alichofungwa tangu alfajiri. Yule mwanamke wa Kijapani alianza kusema jambo lilelile mara kwa mara, na kwa sauti yake hatukuhitaji mkalimani. Baiskeli iliyobeba gunia la omena, dagaa wa ziwani, ikatupita. Nyuma yetu Odhiambo alikuja polepole, taa zimewashwa, kana kwamba anasindikiza maiti.

Tuliingia Usenge saa nne na nusu, kwa asilimia nne. Tulikuwa hatujachelewa. Akina mama walitupokea kwa vigelegele, Mzee Okumu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na nilipofungua buti kushusha sukari nikatafuta kebo yangu. Nilitafuta chini ya unga, nikatafuta chini ya mananasi.

"Iko kwa ukuta ya jikoni, nyumbani," mke wangu akaninong'oneza. "Niliiona nikifunga mlango. Nikadhani uko na mbili."

Hapa nieleze desturi, kwa wasiotujua. Kwetu Waluo, aliyekwenda kuomba msichana haruhusiwi kulala ukweni. Unakula, unaongea, na jua likianza kushuka unaondoka na watu wako wote. Anayelala ameharibu, na posa yake haisikilizwi tena mpaka wazee wakae upya, kama watakaa. Gari langu lilihitaji saa nyingi kwenye soketi, na mimi sikuwa hata na cha kuchomeka.

Nilimwendea shemeji yangu nyuma ya haibridi yake. Sikujua nianze vipi.

"Sema tu," Odhiambo akaniambia. "Gari ya mtu ameshindwa kuamua iko na nini?"

"Iko na kebo."

Aliitoa, akaomba kisu jikoni, akaipasua ile nailoni taratibu huku akiniangalia usoni. Mdomo wa kebo uliingia kwenye gari langu sawasawa, maana yote mawili ni ya Japani. Tukaunganisha ule waya wa Kibuye, tukaupitisha dirisha la chumba cha nyuma, na taa ndogo ya buluu ikawaka. Sikumwomba Mzee Okumu ruhusa. Nilijiambia nitamweleza tukishakula, na huo ulikuwa uoga mtupu.

Saa nane mchana, chini ya turubai. Tulikuwa tumekula, Mzee Opiyo alikuwa amesema maneno yetu vizuri, na Mzee Okumu alisimama kujibu. Wageni tulikuwa watano na wenyeji kumi na watano, lakini kipaza sauti kilikuwa kimekodiwa, na kwetu kikikodiwa lazima kitumike.

"Mimi kama baba ya huyu msichana," akasema, na spika zikapeleka sauti yake mpaka sokoni, "nimesikia maneno yenu. Na jibu yangu ni..."

Spika zikakatika. Feni ikazima, na friji ikanyamaza sebuleni. Mzee Okumu alibaki akigongagonga maiki, midomo ikiwa wazi.

Wazee wake walitazamana. "Neno imekatwa," mmoja akasema kwa sauti ya chini. "Imekatwa kabla itoke." Mwingine akatikisa kichwa. Wengine waliilaumu kampuni ya stima, nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa pamoja nao nikasema stima ya siku hizi haiaminiki.

Akinyi ndiye aliyeinuka. Sikuwa nimeeleza kwamba huyu binti anafundisha ufundi wa stima katika chuo kimoja, labda kwa kuwa sikuona umuhimu wake hadi alipoanza kuufuata waya wangu kwa macho, kutoka dirishani hadi kwenye gari. Aliugusa, akauachia haraka. Ulikuwa moto kama chapati. Akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Baba," akaniambia polepole, "hii waya ni ya redio. Imeangusha swichi kubwa. Sema wewe, kabla niseme mimi."

Nilimtazama Otieno upande wa pili. Alikuwa ameshika magoti yake kama alivyoyashika siku ile tulipomzika baba yake. Nikasimama. Nikasema neno halikukatwa na mizimu wala na kampuni, limekatwa na mimi. Nikasema nimechomeka gari kwa siri katika nyumba niliyokuja kuomba, kwa kebo ya kuazima, kwa sababu yangu niliisahau, na niliisahau kwa sababu nilikuwa napigwa picha.

Mzee Okumu aliketi, akaiweka maiki chini.

"Umekuja kuniomba msichana," akasema, "na stima umechukua bila kuomba. Sasa mimi nifikirie aje?"

Akainuka na wazee wake, wakaenda nyuma ya nyumba. Waliporudi jua lilikuwa limeanza kushuka.

"Mtu halali hapa," akasema. "Gari si mtu. Iache ikule ishibe, Akinyi ataiwekea waya ya maana. Nyinyi nendeni. Jibu yangu itakuja na gari."

"Italetwa na nani, Mzee?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo jibu. Nikimtuma kijana wangu ailete, mjue tumemaliza, hakuna ndoa."

Saa kumi na moja tuliondoka, watu watano ndani ya haibridi, nami katikati ya kiti cha nyuma, magoti kidevuni, kwa petroli tupu. Betri yake ilikuwa sifuri, kama siku zote. Mzee Opiyo alilala kwa raha, injini ikimwimbia. Odhiambo hakunicheka hata mara moja mpaka Kisian, na hilo liliniumiza kuliko kicheko.

Jumapili nilikaa nyumbani. Kebo ilikuwa bado inaning'inia ukutani jikoni, na mke wangu alinikataza kuitoa. Otieno alikuja baada ya ibada, akakaa kwenye ngazi akitazama lango. Nilimwambia mimi ndiye niliyeharibu na nitarudi Usenge kwa miguu ikibidi.

"Ulisema ukweli, Baba," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini ungesema mapema." Alikuwa sahihi.

Jumatatu, saa sita mchana. Kwa kuwa lile gari halina mlio, hatukulisikia likija. Tuliona tu lango likisukumwa na gari jeupe likiingia taratibu, shangazi wa Akinyi kiti cha mbele na jogoo mapajani. Kwenye usukani alikuwa Akinyi mwenyewe.

Otieno alishuka ngazi zote kwa hatua moja. Mke wangu akapiga kigelegele, akakipiga tena, majirani wakatoka. Mimi nilijifanya nakagua tairi, maana macho yalikuwa yamejaa.

Akinyi alishuka, akanisalimia kwa heshima zote, akanipa funguo. Nikachungulia dashibodi. Asilimia thelathini na moja, barabara ileile, milima ileile.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Nimeendesha tu, Baba."

Akafungua buti, akatoa kebo ya Odhiambo, ameikunja vizuri na kuifunga kwa kamba. Kisha akaingia jikoni moja kwa moja, akaichomoa yangu ukutani, na kuiweka ndani ya gari.