Maji ya Kwanza ya Mama Tokie

Mama mkwe wangu, Tokie, hakunipenda tangu siku niliyovua viatu mlangoni kwake, na mimi sikujisumbua kumbembeleza. Nyumba yao ya wageni iko milimani Shinshu, na watu huifuata kwa ajili ya bwawa la maji moto. Tokie alizaliwa humo humo, akaolewa humo humo, na kila asubuhi alisugua mawe ya bwawa lile kwa mikono yake. Ukimwambia maji yana kasoro, umemtukana yeye.

Kuoga kulikuwa na foleni yake. Anaanza baba mkwe, kisha mume wangu, kisha Tokie. Mimi mkamwana ndiye wa mwisho, maji yameshachoka.

Afisa wa afya alikuja akatueleza bila kuficha. Chemchemi ni safi, ila pampu inazungusha maji yale yale, na ndani ya mabomba ya vuguvugu kuna uteute unaofuga vijidudu vya lejionela. Ukivuta ule ukungu wa maji, vinaingia mapafuni. Tusafishe mabomba, tuweke klorini kila siku, na bwawa likilala bila kutumika tulimwage lote.

"Klorini!" Tokie alisonya afisa alipoondoka. "Maji ya babu zangu yanuke kama choo cha stesheni? Thubutu!"

Nikawa naweka mimi. Kisha mvua ikakata barabara, wageni wakakoma, Tokie akazima pampu na kuificha dawa. Maji yakalala wiki nzima. Barabara ilipofunguliwa akawasha pampu, akamwita mumewe: "Kihei, maji ya kwanza hayo!" Mzee wa watu, mgonjwa wa kifua miaka nenda miaka rudi, akaja anakohoa, taulo begani.

Nikamtangulia, nikang'oa kizibo.

"Una wazimu wewe?" Tokie akafoka.

"Mama, yamelala wiki nzima! Unataka kumuua?"

"Mimi nimuue? Mimi niliyemtunza wewe hujajua hata kupika wali?"

"Basi yamwage!"

"Mshenzi we!" Akanisukuma, akarudisha kizibo. "Kihei, kaa hapo hapo!" Akavua nguo, akajisafisha, akaingia yeye. Akaketi chini kabisa ya mdomo wa bomba, maji yakimrukia usoni, amenikodolea macho. Mzee akabaki na taulo lake ananung'unika, maana hajawahi kutanguliwa na mwanamke.

"Haya, nimekufa?" Tokie akaniuliza.

Siku chache baadaye homa ikamwangusha, akalazwa na mpira wa oksijeni puani. Daktari akasema ni lejionela. Sikumwonea huruma, Mungu ananiona. Nilisema moyoni, umeyataka mwenyewe. Nikamwaga bwawa, tukafumua mabomba, uteute ukatoka mweusi, unavutika kama mlenda.

Alirudi amekonda, anatembea kwa fimbo na kushika ukuta. Jioni ile maji yalikuwa yameshapimwa, na Kihei akachukua taulo lake. Tokie akagonga fimbo sakafuni.

"Kaa. Aanze huyu."

"Mimi, mama?"

"Si wewe mjuzi wa maji? Kama yanaua, yaanze na wewe. Leo, na kesho, na kila siku."

Nikaingia. Yalikuwa moto, mapya, hayajaguswa na mtu. Tangu niolewe sikuwahi kuyapata hivyo. Nililia kwa hasira mle ndani, na yeye akakaa mlangoni na fimbo yake, anasikiliza kama nakohoa.