Manjano ya Koko

Juzi dukani nilifungua kopo la krimu ya manjano, na harufu ikanirudisha kijijini kwetu Ampisikina, alasiri niliyochubuka goti. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alitwanga manjano mabichi, akayachanganya na mafuta ya nazi, akanipaka. Nikaangua kilio, kwa kuwa wiki hiyo dada yangu alikuwa amewekwa ndani akisingwa manjano hayohayo kabla ya harusi.

"Inauma?" Koko aliuliza.

"Sitaki kuolewa."

Hakucheka. Alinipuliza goti. "Wewe nakuponya tu. Nenda kacheze."

Nilipopita kwenye dirisha la chumba alimowekwa, dada, aliyekuwa ametusikia, aliniita, uso wote wa manjano. "Mwambie Koko na mimi nina kidonda."

Nilicheka, nikadhani ananitania, wala sikumwambia Koko. Hadi leo goti langu halina kovu.