Picha Iliyokatikia Mlangoni

Mume wa mdogo wangu alifariki ulezi ukianza kuiva. Jamaa zake walitutendea wema msibani, lakini minong'ono ilianza mapema: siku ya kuanua matanga, nyumba na shamba vitarudi kwenye ukoo, naye mjane arudi kwetu. Ndiyo desturi waliyoikuta. Msemaji wao alikuwa kaka wa marehemu, mtu wa sala, asiyependa makelele. Nilisali. Sikuwa na jingine.

Jumapili iliyotangulia matanga, baada ya misa, paroko alituita ukumbini kuona picha. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi na magunia ya mahindi, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Sinema nimeziona kwenye simu za wajukuu, ila mwanga ule ulipopita juu ya vichwa vyetu, vumbi likimeremeta ndani yake, nilivua kofia kama niko mbele ya altare.

Ilikuwa habari ya mjane wa nchi nyingine. Sista mmoja alitufasiria. Shemeji za mjane yule walimtolea vitu nje kimoja kimoja: chungu, kinu, godoro. Akafika mlangoni, furushi kichwani.

"Usitoke, mwanangu," bibi mmoja wa benchi la mbele akamwambia. "Kaa humo humo."

"Bibi, huyo hakusikii," kijana mmoja akasema. "Yuko kwenye shuka."

"Wewe umenisikia?"

"Nimesikia."

"Basi inatosha."

Watu walikuwa bado wanacheka umeme ulipokatika. Tulisubiri gizani, tukasali rozari nzima, haukurudi. Tukamuuliza sista mwisho wake ulikuwaje. Akasema hata yeye hajauona. Tulipotoka, yule kaka wa marehemu alibaki kwenye benchi, akilitazama shuka tupu.

Siku ya matanga mdogo wangu alikuwa amekwisha kufunga furushi lake, akaliweka kando ya mlango. Pombe ya ulezi ilizunguka, kisha wote wakamgeukia msemaji. Akasimama.

"Ile picha ilikatikia mlangoni," alisema. "Tangu siku ile namwona yule mama amesimama tu, haingii, hatoki. Sitaki ikatikie mlangoni na kwetu." Akalitazama furushi. "Shemeji, rudisha hilo ndani. Matuta yale uliyainua wewe na mumeo. Mimi jembe langu halikufika pale."

"Na ukoo tuwaambie nini?" mzee mmoja akauliza.

"Waambie picha imeisha."

Katika urithi wote akachukua kofia ya ndugu yake tu, akaivaa. Ilimfunika hadi masikioni. Mdogo wangu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Nimefundisha dini miaka mingi, na habari za wajane nimezisema mara nyingi, kaka huyo wa marehemu akiwa mbele yangu. Mungu alipotaka kumfikia, aliwasha mwanga kwenye shuka, kisha akauzima.